Simu ya Mwali

Nina simu mbili. Kubwa ni ya picha na maneno ya wateja, na hiyo mtu akiniomba aangalie saa nampa. Ndogo, ile ya vitufe, haishikwi na mtu. Nikiwa sokoni naifunga kwenye pindo la khanga, nikilala iko chini ya mto, nikioga inaning'inia msumarini ninapoiona. Mume wangu husema naidekeza kuliko mtoto. Wifi zangu wanasema humo ndani kuna bwana. Wacheke. Humo ndani kuna laini moja yenye kazi moja: mtu akijaribu kuingia kwenye ukurasa wangu wa dagaa, hata kama neno la siri analo, mtandao haumfungulii mpaka aandike namba sita zinazotumwa kwenye laini hiyo. Wanaita uthibitishaji wa hatua mbili. Mimi nauita adabu, na yupo mtu mmoja niliyemfunza adabu hiyo polepole, nikifurahia kila hatua.

Ukurasa niliuanza nikiwa bado msichana, kwa mama, Ujiji. Kila asubuhi nilikwenda mwaloni Kibirizi kupokea boti zinazorudi, nikanunua dagaa wabichi, nikawaeneza juu ya chanja za wavu na kuwapiga picha. Sura yangu haikuonekana hata siku moja. Marehemu baba hakutaka uso wa binti yake uzagae kwenye simu za watu, kwa hiyo wateja walijua mikono yangu na sauti yangu basi. Mikono inageuza dagaa, inatupa walioharibika, inavunja mmoja katikati kuonyesha amekauka mpaka ndani, na sauti inaeleza kwa nini dagaa wa chanja si sawa na dagaa wa kuanikwa mchangani. Watu wa Dar, Dodoma na Mbeya waliagiza kwa kuiamini mikono hiyo. Nilikuwa najivunia, sifichi. Kwetu mtu alirithi nyumba, mwingine akarithi shamba la michikichi, mimi ukurasa ule niliujenga kwa vidole vyangu.

Shoga yangu wa Buzebazeba tulianza naye madrasa tukiwa hatujaota meno ya mbele. Yeye aliuza vitenge, naye alikuwa na ukurasa, lakini wafuasi wake walikuwa ndugu zake, na hao nao si wote. Alikuwa akikaa pembeni yangu mwaloni akitazama simu yangu inavyolia oda, anasema, "Shoga, wewe umepakwa asali." Nilidhani ananisifu.

Nikaposwa. Sasa kwetu Ujiji, katika nyumba zinazoshika mila, bibi harusi huwekwa ndani kabla ya ndoa. Hatoki, haguswi na jua, anasuguliwa liwa, anafukizwa udi, anafundwa na kungwi. Akiwa humo anaitwa mwali hata kama ana umri wa kuzaa watatu. Kungwi wetu ni bibi mmoja mkali ambaye amewaweka ndani wanawake wa mtaa mzima, mama yangu akiwemo, na tangu simu zilipojaa mjini aliongeza sheria yake mwenyewe: simu ya mwali haikai na mwali. Inashikwa na shoga yake. Shoga ndiye anapokea pongezi, anawajibu watu kwamba bibi harusi yuko ndani, anasoma meseji za muhimu kwa sauti. Bibi anasema mwali mwenye simu ni sawa na mwali aliyekaa barazani.

Basi simu yangu akapewa shoga wa Buzebazeba. Nani mwingine?

Siku ya hina nilikuwa nimekaa juu ya mkeka, miguu imenyooshwa kwenye mto, mikono yote miwili imepakwa mpaka kwenye viwiko na bado mibichi. Mwanamke mwenye hina mbichi hawezi hata kujikuna pua. Shoga akaingia na simu yangu. "Wateja wanauliza," akasema. "Nikujibie? Nipe neno la siri, hii imejifunga."

Nikamtajia. Mbele ya wanawake wawili waliokuwa wanatwanga liwa, nikamtajia herufi kwa herufi, kama ninayemsomea mtoto. Simu ikalia, akaitazama, akatabasamu.

"Nani huyo?" nikauliza.

"Watu tu, shoga. Wewe kaa, hina isiharibike."

Kisha akanipiga picha ya video mikono yangu ikiwa imetandazwa, maua mekundu na meusi, akisema ni ya ukumbusho. Mimi nikaigeuza mikono huku na huku ili aipate vizuri.

Niliolewa, nikahamia Kigoma mjini kwa mume wangu, ambaye anafanya kazi bandarini. Shughuli zilipotulia nikafungua ukurasa wangu nitangaze kwamba nimerudi kazini. Haukufunguka. Neno la siri si sahihi. Nikaandika tena polepole. Si sahihi. Nikabonyeza pale pa kusahau neno la siri, na mtandao ukaniambia kwa upole kabisa kwamba umetuma namba kwenye simu inayoishia na tarakimu mbili, nyingine zote zimefichwa kwa nyota. Tarakimu mbili zile hazikuwa zangu. Lakini nilizijua. Namba ya shoga yangu naijua kwa kichwa kuliko ya mama yangu mzazi.

Nikachukua simu ya mume wangu nitazame ukurasa kama mgeni. Juu kabisa ilikuwapo ile video. Mikono yangu, hina yangu, inageuka huku na huku kwa furaha, na chini yake ameandika kwamba mwenye mikono hii ameolewa, anapumzika, na biashara amemkabidhi rafiki yake wa damu. Wateja wangu wakampokea. Wengine walimwombea dua. Mwanamke mmoja wa Dodoma ambaye nimempelekea dagaa toka ukurasa haujapata hata wafuasi wa kujaza nyumba, aliandika: hongera dada, uende salama. Kana kwamba nimekufa.

Niseme ukweli, nilifikiria mawese. Nilifikiria kubeba dumu la mawese mpaka Buzebazeba na kulimwaga juu ya kila kitenge alichokuwa nacho dukani, doa lisilotoka mpaka kiama. Nilifikiria kumshika nywele katikati ya soko. Mume wangu akasema, "Fungua mwingine tu." Kama vile nimepoteza ndala. Siku hiyo chakula alikula cha jana.

Badala ya mawese nilikwenda kwa kungwi. Nikampa shikamoo, nikakaa chini, nikamweleza yote. Alinisikiliza akitafuna tambuu, kisha akauliza jambo moja tu.

"Neno hilo la siri ulilitamka wapi?"

"Chumbani, bibi. Siku ya hina."

"Basi limekwisha. Ya chumba cha mwali hayasemwi nje. Ugomvi wa mle, kilio cha mle, hata wizi wa mle. Ukilitoa hili, na mengine yatatoka, na hakuna mama atakayenipa tena mwanawe."

"Lakini bibi, ameniibia."

"Nimesikia. Na wewe hujaniambia. Unaelewa?"

Nilielewa. Uamuzi ule ulinikaa kooni kama mwiba wa samaki kuhe. Nikanyamaza, na kunyamaza kwangu shoga akakuchukua kuwa ni ubwege. Tulikutana kwenye shughuli, tukacheza bega kwa bega, akanilalia begani akisema ndoa imenipendeza. Nilimchekea mpaka taya zikauma. Kila nilipomchekea nilikuwa namwapiza kimoyomoyo, na sikuomba msamaha kwa Mungu wala kwa mtu.

Ningeweza labda kuzoea. Kilichonimaliza ni mchanga. Siku moja nilikuwa napekua ukurasa kwa simu ya mume wangu, kidonda changu nikikitonesha kama kawaida, nikakuta mteja ameandika kwamba dagaa wa siku hizi wanasaga meno. Mwingine akaunga mkono. Kumbe shoga alikuwa ananunua dagaa walioanikwa chini, ufukweni, na kuwauza chini ya video za chanja zangu. Sauti yangu bado inasikika ikiapa kwamba huku mchanga hakuna, na watu wanatema mchanga. Hapo ndipo nilipoacha kulia na kuanza kufikiri.

Nilikumbuka kwamba siku naufungua ukurasa niliambiwa niweke barua pepe. Nilifunguliwa barua pepe kwenye duka la kuchapa, nikaiweka kwenye simu yangu ya wakati ule, na sikuigusa tena, kwa sababu ni nani Ujiji ananiandikia barua pepe? Shoga alibadilisha namba ya simu na neno la siri. Barua pepe hakuijua, maana mimi mwenyewe nilikuwa nimeisahau. Na ile simu ya zamani, yenye ufa usoni, nilikuwa nimempa mama mdogo aliyeolewa Mwamgongo.

Nikapanda boti Kibirizi. Mwamgongo huendi kwa gari, unapita majini, milima ya Gombe ikiwa kuliani kwako njia nzima, na abiria wamekaa juu ya magunia ya unga na kreti za soda. Watu walikuwa wanapiga soga. Mimi nilikuwa naomba kitu kimoja tu, mama mdogo asiwe ameiuza.

Nilimkuta anachambua maharage, nikamsalimu kwa Kiha.

"Mwakeye, mama."

"Mwakeye, mwanangu. Mbona hukupiga simu? Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Ile simu niliyokupa iko wapi?"

Akaacha maharage. "Hee! Umekuja kunisalimu mimi au kusalimu simu?"

Ilikuwa ndani, juu ya kabati. Alikuwa anaitumia kama tochi ya kwendea chooni. Laini haikuwamo, intaneti hakuijua, na kwa hiyo hakuna chochote kilichokuwa kimeguswa. Nikapanda nayo mlimani upande wa shule, ambako mtandao unashika, nikairushia intaneti kutoka kwenye simu yangu, na nikafungua barua pepe. Ilifunguka bila kuuliza kitu. Nikarudi kwenye ukurasa wangu, nikabonyeza kwamba nimesahau neno la siri, na safari hii nikachagua njia ya barua pepe. Namba zikaja. Nikaziandika. Mlango ukafunguka.

Sijui niieleze vipi furaha ile. Nilipiga kigelegele peke yangu pale mlimani, na mbuzi mmoja akakimbia. Kisha nikafanya kazi yangu kwa utulivu, kama mtu anayepara samaki. Kwanza neno la siri jipya. Kisha nikaifuta namba yake, nikaweka ya laini mpya niliyoinunua kabla ya safari, ambayo hakuna anayeijua. Kisha nikawasha hatua mbili. Na mwisho, jambo nililoliweka mwisho kwa makusudi kama mtu anavyobakiza kipande cha nyama, nikakuta orodha ya simu zilizo ndani ya ukurasa wangu, na yake ikiwemo, imeandikwa iko Kigoma, iko hewani sasa hivi. Alikuwamo. Labda alikuwa anamjibu mteja. Palikuwa na neno la kumtoa. Nikalitazama kwa muda, nikanywa maji, ndipo nikalibonyeza.

Mama mdogo aliponiona nateremka akasema, "Yego, ndiyo hivyo, sasa una uso wa binadamu." Akanipikia ugali wa muhogo na samaki wa migebuka, nikala mpaka nikashindwa kuinuka.

Namba sita za kwanza ziliingia nikiwa kwenye boti ya kurudi. Alikuwa ni yeye. Sikujua neno gani la siri alikuwa analikisia, lakini pale pa kusahau alikuwa anapabonyeza kwa fujo, maana zilikuja nyingine, na nyingine. Kila ile simu ndogo ilipotikisika pindoni mwangu nilihisi raha mpaka kwenye nyayo. Tulipofika Kibirizi akanipigia kwenye ile kubwa.

"Shoga, hujambo? Eti, simu yako haisumbui siku hizi?"

"Haisumbui, shoga. Ya kwako?"

"Ah. Mtandao tu."

"Pole. Utatulia."

Baada ya hapo akaniandikia kwamba kuna namba amekosea ikaja kwangu kwa bahati mbaya, nimsomee. Hakuwa na hakika kama ni mimi. Alikuwa anapapasa gizani. Nami nikamsaidia: nikamtumia namba sita zilizoingia mwanzoni, ambazo muda wake ulishapita, zilikuwa zimeshakufa. Nikasubiri. Akaomba tena, nikamtumia nyingine zilizokufa. Alihangaika hivyo mpaka mtandao wenyewe ukamchoka na kumfungia asijaribu tena kwa muda. Najua ni utoto. Nilicheka peke yangu jikoni mpaka mume wangu akaja kuchungulia.

Ukurasani nilifuta ile video ya hina, nikaweka mikono yangu ilivyo, ina makovu ya miba, nikasema kwa sauti yangu kwamba nimerudi, na dagaa wote walionunuliwa nikiwa sipo si wangu. Jina lake sikulitaja. Bibi alinikataza, nami ni mtu wa mila. Yule wa Dodoma aliandika kwamba alijua tu.

Watu wengi wangeishia hapo. Nilitaka aje aniangalie usoni akijua ninajua, na nilijua siku hiyo ipo, kwa sababu naye alikuwa msichana na wasichana huposwa.

Aliposwa na mwalimu wa madrasa, mtu safi, anayeheshimika. Ukurasa wake wa vitenge wakati huo ulikuwa umeanza kuchangamka, alikuwa amejifunza kwangu, sitamnyima hilo. Alipowekwa ndani, kungwi alikuwa ni yuleyule bibi, na kungwi hakumuuliza mtu. Alimtuma mjumbe kwangu: njoo ushike simu ya mwenzio, alikushikia yako.

Niliingia chumba kilekile, harufu ileile ya liwa. Shoga alikuwa amekaa juu ya mkeka, miguu kwenye mto, mikono imepakwa mpaka viwikoni na bado mibichi. Aliponiona rangi ilimtoka.

"Bibi," akasema, "simu... si lazima. Binamu yangu anaweza."

"Binamu ndiye shoga yako?"

"Hapana, ila..."

"Huyu amekukosea nini?"

Chumba kilikuwa kimejaa wanawake. Shoga alifungua mdomo. Ili anikatae ilibidi aseme sababu, na sababu ilikuwa mambo ya chumba kile, siku ya hina yangu, ambayo hayasemwi. Bibi alikuwa anamtazama bila kupepesa. Mpaka leo siamini kwamba bibi hakujua anachofanya.

"Hajanikosea," shoga akasema.

"Basi mpe. Na umtajie namba ya kufungulia, watu wakiandika atawajibuje?"

Akanitajia. Sauti yake ilikuwa ndogo, bibi akamwambia arudie. Akarudia, tarakimu kwa tarakimu, macho yake yakiwa kwenye mikono yangu. Kwenye simu ile kulikuwa na ukurasa wake, wateja wake, maneno yake yote na mwalimu wa madrasa, na maneno ya kabla ya mwalimu. Wakati huohuo ikalia. Nikaitazama. Ilikuwa ni tangazo la vifurushi. Nikatabasamu.

"Nani huyo?" akauliza.

"Watu tu, shoga. Wewe kaa, hina isiharibike."

Akaanza kulia. Alilia kwa kwikwi, mabega yanaruka, na hakuweza hata kujifuta kwa sababu ya mikono. Wanawake wakafurahi sana, maana mwali anayelia ni mwali mwenye haya, analilia nyumba ya wazazi wake. Wakapiga vigelegele. Nami nikapiga, changu kikiwa kirefu kuliko vyote, kisha nikachukua ncha ya khanga nikamfuta machozi mbele ya watu.

Alipotoka ndani alinyakua simu yake kabla hata ya kuvaa viatu vya harusi. Aliikagua. Kila kitu kilikuwa mahali pake, na hilo likamtisha zaidi. Akabadilisha maneno ya siri yote, haikumtosha. Akaitupa laini aliyokuwa nayo toka usichana wake, ile yenye tarakimu mbili ninazozijua. Akauza simu. Mwishowe akaufunga ukurasa wa vitenge kwa mkono wake mwenyewe, na sasa anauza kwa kutembeza nyumba kwa nyumba. Kila tukikutana ananiuliza, mara kwa utani, mara kwa machozi: "Shoga, niambie tu. Ulifanya nini kwenye simu yangu?"

"Nilipokea pongezi zako," namjibu.

Nilipokea pongezi zake tu. Wiki nzima ile simu ilikaa kwenye pindo la khanga yangu, pamoja na ile yangu ndogo, nikapokea waliopiga na kuwaambia bibi harusi yuko ndani. Zile tarakimu alizonitajia sikuwahi kuziandika. Sikufungua kitu, sikusoma kitu, na sina mpango wa kumwambia.